Dagaa, karabai na kanuni ya tatu ya Newton: uchambuzi wa kisa kimoja cha darasani Kigoma

## Usuli

Kisa hiki kilitokea katika shule moja ya sekondari ndani ya Manispaa ya Kigoma Ujiji. Jina la shule, mwaka na majina ya wahusika nimeyaondoa. Aliyeandika kazi iliyoleta mzozo nitamwita Mwanafunzi, aliyeisahihisha nitamwita Mwalimu wa kwanza, na mimi ndiye mwalimu wa pili. Lawama nyingi zilizomo humu ni zangu.

Fizikia ya kidato cha tano na sita tunaifundisha kwa Kiingereza na kuibishania kwa Kiswahili. Nalitaja hili mapema kwa sababu nusu ya mzozo ilizaliwa hapo, kama mtakavyoona.

Klabu ya sayansi iliwataka wanafunzi waandike kurasa tatu juu ya fizikia wanayoiona nyumbani. Wengi waliandika kuhusu sola na majiko. Mwanafunzi huyu mjomba wake ni mvuvi, mtumbwi wake unaegeshwa Kibirizi, na wakati wa likizo alikwenda naye ziwani usiku. Kwa msomaji asiyeijua kazi hiyo: dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza. Taa huwashwa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi zaidi taa za sola, dagaa hukusanyika chini yake, kisha wavu huinuliwa. Mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi mingi hulala ufukweni, kwa sababu mwanga umetapakaa ziwa zima na taa haina tena cha kujivunia. Na penye dagaa hapakosi migebuka wanaowawinda.

Alipiga video kwa simu. Picha ina giza na mtumbwi unayumba, lakini kuna sekunde kama arobaini nzuri sana. Dagaa wanazunguka chini ya taa kama kitu kimoja, wanameta wote kwa pamoja kila wanapogeuka. Kisha kivuli kirefu kinaingia kutoka kushoto, na kundi zima linapinda kulia, kivuli nacho kikipinda nalo.

## Sentensi iliyoleta mzozo

Katika ukurasa wa pili aliandika hivi, naye ameniruhusu kunukuu:

"Kanuni ya tatu inasema tendo na jibu lake huelekea pande zinazopingana. Kama ingekuwa hivyo kwa samaki, mgebuka akivutwa kulia na dagaa, dagaa naye angevutwa kushoto na mgebuka, wakutane katikati. Lakini wote wawili wanakimbilia upande mmoja. Kwa hiyo dagaa hawafuati kanuni ya tatu ya Newton."

Mwalimu wa kwanza alichora mstari mwekundu juu ya aya yote, akaandika "Soma tena kidato cha kwanza", akampa sifuri kwa sehemu ya uchambuzi na kuiondoa kazi katika zile zilizokuwa ziende kwenye maonyesho ya wilaya.

Mwanafunzi alinijia jioni nikiwa chini ya mwembe nyuma ya maabara. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba." Akanipa karatasi bila kuongeza neno. Niliisoma mara mbili, nikasema jambo ambalo ningelirudisha mdomoni kama ingewezekana: "Uko sahihi wewe."

## Nilivyoamua, na kwa nini

Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa nimetoka kusoma juu ya maada amilifu, yaani mifumo ambayo kila chembe yake inakula nishati yake yenyewe na kuitumia kujisogeza: bakteria, ndege, samaki, hata vigari vidogo vya maabara. Wanafizikia wa fani hiyo huandika waziwazi kwamba mwingiliano kati ya chembe zao "unavunja" kanuni ya tatu. Niliona mtoto wa Kibirizi amelifikia wazo hilo kwa macho yake tu, nikasisimka. Kesho yake asubuhi nililisema darasani, Mwalimu wa kwanza akiwa amesimama mlangoni. Hatukusalimiana siku mbili.

Ukweli ni kwamba wote watatu tulikosea, kila mtu kwa namna yake.

Mwalimu wa kwanza alikuwa sahihi kwamba kanuni haijavunjika. Dagaa hasukumwi na mgebuka. Dagaa anapiga mkia, anasukuma maji nyuma, maji yanamsukuma mbele kwa kani ileile. Hapo pana nipe nikupe kamili, kama Newton alivyoandika mwaka 1687. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba kusema hivyo kunamaliza hoja. Kundi zima linapinda na mwindaji anapinda nalo, na jibu la "soma kidato cha kwanza" halielezi chochote kati ya hayo.

Mwanafunzi aliona kitu cha kweli, ila alikiita jina lisilo lake. Kinachopita kati ya dagaa na mgebuka si kani bali ni habari. Dagaa anaona kivuli, na pembeni mwa mwili samaki wana mstari wa hisi unaopokea mtikisiko wa maji. Habari ikifika, samaki anaamua, na nguvu ya kutekeleza uamuzi inatoka katika chakula alichokula. Hapo ndipo lugha ilipotupiga chenga. Katika kitabu cha Kiingereza, neno la mwingiliano kati ya vitu viwili limefungwa kwenye kani. Kwa Kiswahili, watu wawili wanaingiliana hata kwa kutazamana tu. Alipoandika "tendo na jibu lake" alimaanisha mgebuka kufukuza na dagaa kukimbia.

Mimi nilikosea kwa kumwambia yuko sahihi bila kuuliza swali moja tu: ndani ya hesabu yako umeweka nini, na umeacha nini nje? Ukihesabu samaki peke yao, nipe nikupe haionekani. Ukirudisha maji na chakula ndani ya hesabu, momentamu, yaani kiasi cha mwendo, inabaki ileile na Newton analala usingizi wake.

Niliamua kuyasahihisha palepale nilipoyaharibu, mbele ya darasa, na Mwalimu wa kwanza akiwa mshirika. Nilimwendea ofisini, nikaomba radhi, nikamwomba filimbi. Yeye pia ni mwalimu wa michezo.

## Mchezo wa saa kwenye uwanja wa netiboli

Kwanza dira. Maabara ina kumi na mbili, zinazofanya kazi ni tisa. Tuliweka mbili karibu karibu mezani. Sindano zikatikisika, zikatulia. Ukizitikisa tena zinatulia tena. Kila sindano inaivuta mwenzake kama inavyovutwa, mfumo mzima una nishati moja ya pamoja, iliyo kama bonde, na sindano zinateremka hadi chini ya bonde hilo na kulala. Hazitazunguka milele hata ukizisubiri mpaka meli ya MV Liemba ipige honi.

Kisha tukatoka nje. Wanafunzi wawili walisimama katikati ya uwanja, kila mmoja akijifanya mshale kwenye uso wa saa ya ukutani. (Tulikubaliana kusema "namba" badala ya "saa", la sivyo tungeingia katika mzozo mwingine wa saa za Kiswahili na za Kiingereza.) Kila filimbi inapolia, kila mmoja anageuka namba moja tu kuelekea anakotaka, akitazama mwenzake alipokuwa kabla ya filimbi.

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa nipe nikupe. Wa kwanza anaelekea namba 12, wa pili namba 4, na kila mmoja anataka kuelekea sawa na mwenzake. Filimbi: wa kwanza yuko 1, wa pili yuko 3. Filimbi: wote wako 2. Wamesimama. Filimbi nyingine haibadilishi kitu. Ni zile dira mbili.

Mchezo wa pili tulibadilisha sharti moja tu. Wa kwanza bado anataka kuelekea sawa na wa pili. Wa pili sasa anataka kuelekea kinyume cha wa kwanza. Wakaanza palepale, 12 na 4. Filimbi: 1 na 5. Filimbi: 2 na 6. 3 na 7. 4 na 8. Darasa likaanza kucheka kwa sababu lilishaona kinachokuja. Mmoja anafukuza, mwingine anakimbia, pengo kati yao ni namba nne daima, na hakuna atakayefika anakotaka. Filimbi ya kumi na mbili ikawarudisha walipoanza, nao wakaendelea. Mwalimu wa kwanza ndiye aliyechoka kupuliza.

Mwanafunzi mmoja akauliza: je, wakianza wote wanaelekea namba 12? Tukajaribu. Mfukuzaji hana sababu ya kugeuka. Mkimbiaji anataka namba 6, na 6 iko mbali sawa kulia na kushoto. Akasita, akatutazama, akachagua kulia, na kuanzia hapo wote wakazunguka kulia. Tuliporudia alichagua kushoto, wakazunguka kushoto. Sharti la mchezo halina kulia wala kushoto ndani yake. Upande uliamuliwa na kusitasita kwa mtu mmoja kwenye filimbi ya kwanza. Kwangu hiyo ndiyo dakika iliyofundisha kuliko zote, na haikuwemo katika maandalizi yangu.

## Mwanga na sumaku: pale nilipovuka mpaka

Hadi hapo kila kitu kilikwenda vizuri, na ndiyo maana nikaharibu. Mwanafunzi aliuliza swali zuri: "Mwalimu, dagaa wana akili na wanakula. Sumaku haina akili wala haili. Kwa hiyo sumaku haiwezi kucheza mchezo wa pili?"

Jibu la karne nzima ni kwamba haiwezi. Sumaku iliyotulia iko katika msawazo, yaani hakuna nishati inayoilisha kutoka nje, na katika msawazo kila spini, ile sindano ndogo ya sumaku iliyomo ndani ya atomu, inamvuta jirani kama inavyovutwa naye. Lakini mwaka 2025 wanafizikia watatu wa Japani, Ryo Hanai, Daiki Ootsuki na Rina Tazai, walichapisha nadharia inayosema kwamba sumaku ikilishwa mwanga inaweza. Ndani ya metali, spini zilizokaa mahali pamoja huwasiliana kwa kupitia elektroni zinazozurura, kama majirani wanaotumiana salamu kwa wapita njia. Ukimulika metali hiyo kwa mwanga wa rangi iliyochaguliwa kwa makini, mwanga unafungulia elektroni za baadhi ya spini mlango wa kutokea, na za wengine unabaki umefungwa. Mizani ya salamu inapotea. Kwa hesabu zao, matabaka mawili membamba ya sumaku yakiwekwa hivyo, moja litataka kuelekea sawa na mwenzake, na mwenzake atataka kinyume. Yatafukuzana na kuzunguka bila kukoma maadamu mwanga unawaka. Ni mchezo wetu wa pili, ila chakula cha wachezaji ni mwanga.

Mimi nililisema darasani hivi: "Wajapani wamezungusha sumaku kwa mwanga."

Hawakuzungusha. Walitabiri kwamba inawezekana, wakakadiria kwamba nguvu ya mwanga inayohitajika inafikiwa na vifaa vilivyopo. Utabiri ni kitu kimoja na jaribio ni kingine, nami niliruka kutoka huku hadi kule kwa sentensi moja ya kujifurahisha. Matokeo yalionekana kesho yake. Nilikuta wanafunzi wanne nyuma ya maabara wamening'iniza sumaku ya spika iliyokufa kwa uzi, wanaimulika kwa tochi za simu, taa ya sola ya mjomba ikisubiri zamu yake. Sumaku ilikuwa inazunguka kweli. Ni uzi uliokuwa unajisokotoa.

Ilibidi nirudi nyuma na kueleza kilichothibitishwa kuhusu mwanga na sumaku, ambacho hakihitaji kutiwa chumvi. Mwaka 1845 Michael Faraday aliona mwanga uliopita ndani ya kioo ukibadilisha mwelekeo wa mtetemo wake alipoweka sumaku. Huko sumaku inagusa mwanga. Njia ya kinyume ilichukua muda mrefu. Mwaka 1996 huko Strasbourg, Ufaransa, Eric Beaurepaire na wenzake walipiga utando mwembamba wa nikeli kwa mapigo ya leza ya femtosekunde 60, na usumaku wake ukaporomoka kwa chini ya pikosekunde moja, yaani femtosekunde elfu moja. Sekunde moja ina femtosekunde milioni bilioni, kwa hiyo filimbi yetu haina mahali hapo. Mwaka 2007 kikundi cha Uholanzi kilionyesha kwamba pigo la leza lenye mwanga unaojizungusha linaweza kugeuza sumaku ya aloi ya gadolini, chuma na kobalti, upande ukitegemea mwanga unazungukia wapi. Tochi ya simu haifanyi lolote kati ya hayo. Inachoweza ni kuipasha sumaku joto kidogo, na chuma huhitaji nyuzi 770 za Selsiasi ili kupoteza usumaku wake.

## Matokeo

Mwanafunzi aliandika upya. Sentensi ya ugomvi ikawa: "Mwingiliano kati ya dagaa na mgebuka si wa nipe nikupe, kwa sababu nimewahesabu samaki peke yao. Nikirudisha maji na chakula katika hesabu, kanuni ya tatu inasimama." Mwalimu wa kwanza aliisoma, akakaa nayo, akampa saba kwa kumi, akairudisha kazi kwenye orodha ya wilaya.

Wilayani haikushinda. Jaji mmoja aliuliza: "Ulipima nini?" Na kwa kweli hakupima chochote. Alikuwa na video na hoja, basi.

## Uchambuzi

Mchezo wa saa ulifanya kazi vizuri kupita kiasi, na hilo lilinisumbua kwa wiki nzima. Mwanafunzi mmoja wa PCM (mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati) ndiye aliyegundua sababu. Aliandika mchezo wa pili kwa milinganyo ya kawaida, kila mmoja akigeuka mfululizo badala ya kungoja filimbi, na mwendo wake ukitegemea pembe kati yao. Akapata kwamba pembe hiyo inabaki ilivyo pale tu bidii ya mfukuzaji inapolingana sawasawa na ya mkimbiaji. Mfukuzaji akizidi hata kidogo, pembe inajifunga polepole hadi wanaelekea upande mmoja na kusimama. Mkimbiaji akizidi, inafunguka hadi wanapeana migongo, na wanasimama vilevile. Uwanjani hatukuliona hilo kwa sababu wote waligeuka namba moja moja, na kila mmoja alitazama mwenzake alipokuwa, si alipo. Filimbi ilitubeba.

Basi mzunguko wa wawili ni kitu dhaifu. Wingi ndio unaoupa nguvu. Mwaka 2021 Michel Fruchart, Hanai yuleyule, Peter Littlewood na Vincenzo Vitelli walionyesha kwamba kukiwa na makundi makubwa mawili, moja linafukuza na jingine linakimbia, hali ya kuzunguka inaweza kusimama imara hata bidii zikipishana kiasi. Kama ningerudia somo hili ningetumia darasa zima, ishirini wa kufukuza na ishirini wa kukimbia, bila filimbi.

Jambo jingine nililolipita haraka mno ni lile linalounganisha dagaa na sumaku tangu mwanzo. Mwaka 1995 Tamás Vicsek na wenzake walitengeneza kundi la kompyuta lenye sharti moja: kila chembe itembee kwa mwendo uleule, ielekee wastani wa jirani zake, ikikosea kidogo. Makosa yakiwa machache na chembe zikiwa nyingi, kundi zima linaelekea upande mmoja bila kiongozi. Ondoa kutembea, na umebaki na sumaku ya bapa, spini zilizosimama mahali zikitazama jirani. Na kwa sumaku ya namna hiyo, ambayo kila spini iko huru kuelekea popote ndani ya bapa, David Mermin na Herbert Wagner walikuwa wamethibitisha mwaka 1966 kwamba haiwezi kupangika yote upande mmoja ikiwa na joto lolote. Mwaka uleule wa 1995 John Toner na Yuhai Tu walieleza kwa nini chembe zinazotembea zinafaulu pale sumaku iliyokaa inaposhindwa: anayetembea hubadilisha majirani, hivyo habari inafika mbali kuliko ingefika kwa kusimama. Nilikuwa na dira tisa mezani na video ya dagaa mkononi, vitu viwili vya hadithi hii moja, nami sikuviweka pamoja hata mara moja.

Kuhusu mstari mwekundu: Mwalimu wa kwanza na mimi bado hatukubaliani. Yeye anasema sentensi ya mwanzo ilikuwa ya uongo na uongo unapewa sifuri. Mimi nasema hoja iliyoitangulia, ile ya "wote wawili wanakimbilia upande mmoja", ilistahili alama hata kama hitimisho lilipotoka. Kosa langu la kumtetea mtoto mbele ya darasa kabla ya kuongea na mwenzangu analikumbusha kila tunapokunywa chai, na ana haki.

Swali la jaji ndilo tunalolishughulikia sasa. Mjomba amekubali kufunga simu kwenye mti unaounganisha mitumbwi, itazame chini moja kwa moja, na kuteremsha kamba yenye vifundo kila nusu mita ili tupate kipimo. Tutahesabu picha kwa picha: kivuli kinapoingia, dagaa wa ukingoni anageuka kwenye picha ya ngapi, na wa upande wa pili wa kundi anageuka kwenye picha ya ngapi. Tunasubiri giza, maana wiki hii mwezi ni mkubwa na mitumbwi ya Kibirizi yote iko mchangani.